Kuwa na Ng'ombe kwa Kiingereza

Kiingereza changu nilikipata chuoni, katika kitabu kimoja tulichosoma watu kumi na wanne kwa zamu. Ndani yake mlikuwa na familia iliyokunywa chai kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Baba alikuwa na mwavuli, mama alikuwa na mafua, watoto walikuwa na mbwa. Niliishi na watu hao miaka mitano, nikapata lisansi, yaani digrii, nikatoka nikiwa na uwezo wa kumuuliza mtu yeyote duniani, kwa ufasaha, mwavuli wake uko wapi.

Mara ya kwanza kukutana na mwenye lugha yenyewe, mgeni aliyekuja kukagua daraja, nilimwambia sentensi niliyoitayarisha tangu alfajiri: kwamba ninayo heshima ya kuwa na bahati ya kuwa na nafasi ya kumsalimu. Alinitazama kwa huruma, kisha akaanza kumtafuta dereva wake kwa macho.

Nasema haya mapema ili mjue ni mwalimu wa namna gani aliyefuatwa na mama mmoja muuza fromaji, yaani jibini, hapa milima ya Masisi karibu na Kingi, ninakofundisha sekondari. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi mbele ya duka nikinywa maziwa yaliyoganda. Alitua bidoni yake, dumu la maziwa, akajifuta mikono kwenye kitenge.

“Prof, batu ba Uganda batanipigia simu kwa Kingereza. Dakika kumi tu. Nataka unipatie Kingereza ya dakika kumi.”

“Mama, lugha haigawanywi hivyo,” nikasema, kwa sauti ya lisansi.

“Hata maziwa muntu hanunue bidoni muzima. Anaomba kikombe, unamupimia kikombe.”

Mwenye duka alicheka kutoka ndani. Yeye ni mtu wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza kila Jumapili, mwenye duka hilo na lori moja linalokwenda Walikale. Akatoka na kunieleza jambo lenyewe, maana lilimhusu pia.

Huyu mama, mjane wa ukoo wa wafugaji, anatengeneza fromaji nzuri kuliko zote za upande huu. Tatizo ni barabara. Huku kwetu milimani, kwenye baridi, fromaji zake zinakaa kama watoto wa shule siku ya kwanza. Lakini lori likianza kuteremka kwenda Walikale, kwenye joto na matope, zinaanza kuvimba. Zinapasuka. Mzigo wa mwisho ulifika umeshikana na gunia, na ndugu wa huyu mwenye duka, anayeuza kule, alipiga simu kuomba kwamba safari ijayo watume na vijiko. Baada ya hapo mwenye duka alisema wazi kwamba lori lake halitabeba tena. Na nusu ya maziwa ya mama huyu, bila Walikale, hayana pa kwenda.

Sasa shule moja ya maziwa, ng'ambo ya mpaka, Uganda, ilikuwa inachukua mtu mmoja kutoka milima yetu. Mmoja tu. Miezi mitatu ya kujifunza kutengeneza fromaji ngumu inayovumilia safari. Barua yao ilisema wataongea na kila anayeomba kwa simu, kwa Kiingereza, baada ya majuma mawili.

“Nikipata ile nafasi, fromaji yangu itafika Walikale muzima,” akasema mama. “Nikikosa, nauzisha ngombe.”

Mimi ni wa Walikale. Kwetu ni msitu, na ng'ombe tuliwajua kama nyama inayopita barabarani kwa miguu yake yenyewe. Sikuwa na la kusema kuhusu ng'ombe. Lakini nilijua watu wa kwetu wanavyoipenda fromaji, hata ile ya kijiko. Nikakubali.

Nilifikiri usiku mmoja na kufikia uamuzi wa kitaalamu: kwa majuma mawili hafundishwi mtu lugha, anafundishwa kitenzi kimoja. Kimoja tu, lakini akijue kama anavyojua chuchu za ng'ombe wake. Nikachagua *have*, kuwa na kitu. Barua ilikuwa na orodha ya mambo watakayouliza, na karibu yote yalikuwa ya kuwa na kitu: una ardhi, una maji, una vyombo gani, una wasaidizi. Mtu mwenye *have* moja imara anaweza kupita hapo kama anavyopita matopeni mwenye gumboti.

Tulifundishana kwenye stoo ya duka, kati ya magunia ya chumvi, saa za mchana, baada ya kukamua kwa asubuhi na kabla ya kukamua kwa jioni. Ubao wangu ulikuwa kipande cha katoni ya sabuni. Siku ya kwanza alishika kijiko na kusema *I have a spoon*, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Akashika kikombe, nacho akawa nacho. Ndani ya saa moja alikuwa na kila kitu cha dukani, mpaka mwenye duka akaja kuuliza kama atalipia.

Alikuwa mwanafunzi mkali. Alitaka sababu.

“Niko na njaa. *I have*…”

“Hapana, Mama. Waingereza hawana njaa. Wao ndio njaa. Unasema *I am hungry*.”

“Njo maana bako bembamba.”

Nikamwambia kwamba usingizi nao hawana, wala miaka. Mtu wa miaka arobaini hana arobaini, yeye ni arobaini. Lakini chai wanayo wanapoinywa, na kuoga wanako, na hata mapumziko wanayo: ukisema *I have a rest* umeshalala. Alisikiliza yote akiwa ameegemea gunia.

“Kwa hiyo vitu vibaya banakuwa, vitu vizuri banakuwa navyo.”

“Wana mafua pia,” nikasema. “Na kichwa kikiuma.”

“Ah. Basi hakuna sheria.”

“Hakuna sheria,” nikakiri, na miaka yangu mitano ya chuo ikatoka mlangoni bila kuaga.

Kosa langu nililifanya siku ya tatu. Nilikuwa nimejawa na furaha ya mwalimu, ugonjwa ambao wenzangu wanaujua. Tulikuwa tumehamia mbele ya duka kwa sababu stoo ilikuwa inapakuliwa. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa, wafugaji wameshuka na fimbo zao na makofia yao. Nikaona ni nafasi nzuri ya kumzoesha kujibu mbele za watu. Nikachukua lile swali la kwenye barua lililopigiwa mstari, nikalitamka kama mtangazaji wa redio:

“*How many cows do you have?*”

Akanyamaza. Nikadhani hajaelewa. Basi, kwa faida yake na ya umma wote uliokuwapo, nikatafsiri.

“Mama! Una ng'ombe wangapi?”

Sijawahi kusikia duka likinyamaza namna ile. Mtu aliyekuwa akipima mafuta aliacha kumimina. Mzee mmoja mwenye koti refu, aliyekuwa ameshalipia chumvi yake, aliitazama chumvi, akanitazama mimi, akaondoka bila kuichukua. Mama alichukua bidoni yake na kupanda njia ya kwao. Hakukimbia. Ingekuwa afadhali angekimbia.

“Prof,” mwenye duka akasema polepole, “umeishi hapa miaka ngapi?”

“Sita.”

“Na unakunywa maziwa kila siku.”

“Kila siku.”

“Na hakuna muntu alikuambia?”

Hakuna aliyeniambia. Hakuna anayemwambia mtu mzima kwamba asivue suruali sokoni. Ilibidi mtu wa Butembo, ambaye kwao wanahesabu mpaka njiti za kiberiti, amfundishe mtu wa Walikale adabu za watu wa Masisi. Wafugaji hawatamki idadi ya ng'ombe wao. Si kwa jirani, si kwa shemeji, si kwa padri. Ukimhesabu ng'ombe kwa mdomo umekionyesha kifo njia. Na hata ukiiacha imani hiyo pembeni, akaendelea, fikiria mwenyewe: katika milima hii, kwa miaka hii yote, ni watu gani waliokuja kuuliza mtu ana ng'ombe wangapi? Kuna aliyeuliza akakuachia wote?

Nilikuwa nimeiona sura ya yule mzee wa koti.

Siku mbili mama hakuja. Zilikuwa zimebaki tisa. Siku ya tatu nilinunua kilo tano za chumvi ya mifugo, ile ya mawe, nikaibeba begani na kupanda kilima. Nilimkuta nje ya nyumba anaosha ndoo kwa maji ya moto. Nikatua mzigo, nikaanza hotuba ya kuomba radhi, ndefu, yenye vishazi. Alinikatiza.

“Chumvi hii, Prof, iko ya ngombe ngapi?”

Nikaganda. Nilitafuta jibu katika lugha zangu zote nne.

“Iko ya… ng'ombe,” nikasema.

Alicheka mpaka akaiachia ndoo ikabiringika hadi kwenye ua. “Ona! Umeshajua. Sasa weye njo mwanafunzi muzuri.” Akanipa maziwa, nikayanywa yote, na sikuuliza yametoka kwa nani.

Masomo yakaanza tena, lakini swali lilikuwa palepale kwenye barua, limepigiwa mstari. Nilijaribu kulizunguka. Nikasema tufanye mazoezi ya kuhesabu kwa vitu vingine: una watoto wangapi? Akanikazia macho. Watoto nao hawahesabiwi. Basi tukabaki na vijiko, viti na ndoo. Kwa siku kadhaa katoni yangu ya sabuni ilijaa vijiko. Kama wale wa Uganda wangemuuliza vijiko, angekuwa profesa wao.

Siku tatu kabla ya simu, mwenye duka alikosa subira. Lori lake lilikuwa linakwenda Walikale na nafasi tupu nyuma, na hilo lilimuuma.

“Mama, sema kumi! Kumi ni namba nzuri. Nani atakuja kuangalia?”

“Kama ziko zaidi ya kumi, zile zingine nimezikana. Zinasikia. Na kama ziko chini ya kumi, nimedanganya bazungu ba Uganda.”

“Uganda si wazungu, Mama,” nikasema.

“Muntu akisema Kingereza, kwangu iko muzungu mpaka anionyeshe ngombe yake.”

“Basi sema hujui,” mwenye duka akasema.

“Mwenye hajui ngombe zake, banamufundisha fromaji ya nini?”

Alikuwa na haki. Nilikwenda kulala nikiwa nimeshindwa na nilipoamka nilikuwa bado nimeshindwa. Kila jibu lilikuwa na mlango wake na nyuma ya kila mlango kulikuwa na ukuta. Usemapo idadi, unavunja kitu ambacho hata vita havijakivunja. Usiposema, nafasi inakwenda kwa mtu mwingine, na ng'ombe wenyewe wanaishia kuuzwa. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, ndiyo maana halali vizuri. Nikamsahihisha kwamba kwa Kiingereza usingizi pia… kisha nikaona ni wakati wa kufunga mdomo.

Siku ya simu tulipanda mahali rezo, mtandao wa simu, inaposhika, juu kidogo ya kijiji, penye mikaratusi. Kuna jiwe pale. Ukikaa juu yake unapata vijiti vitatu, ukisimama chini unapata kimoja. Mama alikaa juu ya jiwe amevaa kitenge chake cha misa na gumboti zilizooshwa. Mwenye duka alikuja pia, amefunga duka saa nne asubuhi, jambo asilolifanya hata siku ya mwaka mpya. Mimi nilishika daftari ili nionekane nina kazi.

Simu ililia. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya taratibu na kikohozi. Alijitambulisha kuwa ndiye mkuu wa chumba cha fromaji, ndiye atakayefundisha, na ndiye atakayechagua. Mama aliweka sauti ya nje, tukasikia wote.

Mwanzo ulikwenda vizuri kupita nilivyostahili. Ana maji? *I have water, very cold.* Ana vyombo? Anavyo, na akavitaja. Ana msaidizi? Ana binti wa dada yake, mwenye mikono misafi. Aliulizwa kwa nini anataka kuja. Hapo hapakuwa na sentensi tuliyoifanyia mazoezi. Alivuta pumzi na kusema kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba ana barabara mbaya, na fromaji yake haina nguvu ya barabara. Yule bwana akasema *I see*, na tukamsikia akiandika.

Kisha likaja.

“*And how many cows do you have?*”

Mikaratusi ikavuma. Mwenye duka alinyoosha vidole kumi vyote hewani mbele ya uso wa mama, kama mtu aliyetekwa. Mimi nilifumba macho. Kwenye simu yule bwana alikohoa, akangoja, akauliza kama wanasikilizana.

“*I have cows*,” mama akasema.

“*Yes. How many? I have a box here for the number.*” Fomu yake ilikuwa na kisanduku cha kujaza namba, akaeleza kwa upole; hakiwezi kubaki kitupu.

Nilimwona akiangalia ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko wa kwao, ambako ng'ombe walikuwa wanakula. Akavisukuma pembeni vidole vya mwenye duka.

“*You have the box*,” akasema. “*I have the cows. I say. You count.*”

Na akaanza. Anaye yule mwekundu, mwenye maziwa mazito. Anaye yule mwenye pembe moja; nyingine aliivunja kwenye mti. Anaye mama yake yule wa pembe moja, mzee sasa, lakini ana akili. Anaye mweusi anayepiga teke. Anaye dada wa yule mweusi, hapigi teke ila anauma. Kila mmoja alianza na *I have*, kama vile watu wanavyoanza sala, na baada ya *have* akamimina maneno yote niliyompa na mengine ambayo sijui aliyatoa wapi. Hapakuwa na namba hata moja. Alikuwa anawaangalia na kuwasalimu, mmoja baada ya mwingine, kutoka kilima hiki mpaka kile.

Yule bwana mwanzoni alisema *sorry?* Kisha akasema *wait, wait*, na karatasi ikasikika inageuzwa. Kisha ikasikika kalamu tu, ikigonga: tik, tik. Mama alipofika kwenye ndama wa juzi, mwenye doa kwenye paji, alimaliza. “*Finish*,” akasema. “*Now you have them.*”

“*Now I have them*,” yule bwana akasema, na akacheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. Halafu akauliza swali ambalo halikuwa kwenye barua: huyo mweusi anayepiga teke, unamkamua vipi?

Mama alimweleza. Dakika kumi zikawa ishirini. Walizungumza juu ya mateke, juu ya ng'ombe wanaozuia maziwa mgeni akiwa karibu, juu ya dawa ya kugandisha inayochelewa kwenye baridi. Kiingereza kilikuwa kinavunjika kama fromaji ya Walikale, na hakuna aliyejali. Sentensi zake zilikuwa zinafika. Mwishowe yule bwana alisema kwamba hana haja ya kuwapigia wengine wawili waliobaki ila atawapigia kwa haki, na kwamba mama aje na gumboti zake mwenyewe, kwa sababu za pale shuleni ni kubwa mno.

Alipokata simu, mwenye duka alimkumbatia, kitu ambacho watu wa misa ya kwanza hawafanyi. “Miezi mitatu!” akapiga kelele. “Mama, lori inakungoja! Lakini ile ya vijiko usilete tena!”

“Weye na vidole yako,” mama akamjibu. “Ulitaka kunichinjia ngombe juu ya jiwe.”

Mwenye duka alitangulia mbio kwenda kufungua duka. Sisi wawili tuliteremka polepole, yeye akichagua pa kukanyaga. Furaha ilikuwepo usoni, lakini kulikuwa na jambo lililomkera chini yake, na niliogopa kwamba nalijua. Tulipofika kwenye kijito alisimama.

“Prof. Ulikuwa pale. Ulihesabu?”

Ningeweza kumdanganya, lakini bahati nzuri ukweli wenyewe ulikuwa wa aibu zaidi. Nilimfungulia daftari. Kwenye ukurasa ule, wakati mtu anawaita ng'ombe wake wote mmoja mmoja kutoka upande wa pili wa bonde, wakati riziki yake inaning'inia kwenye vijiti vitatu vya rezo, mimi nilikuwa nimechora mistari midogo ya wino mwekundu. Kila aliposema *she have* badala ya *she has*, mstari.

“Nilihesabu makosa,” nikasema. “Ng'ombe sikuwaona hata mmoja.”

Alichukua daftari, akalitazama karibu na macho, akaigusa mistari kwa kidole.

“Iko ngapi?”

“Kumi na moja.”

“Kumi na moja!” Akacheka, akanirudishia. “Hizo hesabu tu, Prof. Hesabu vile unataka. Hata zikikufa zote, hakuna atalia.”

Akavua gumboti moja, akamwaga changarawe iliyokuwa imeingia, akaivaa tena, akavuka kijito.